Mashahidi wa Chuma

Walimwita Pasi. Usiniulize jina alilopewa na wazazi wake, maana pale gereji hata wateja wa miaka nenda rudi hawalijui. Pasi, kwa sababu ukimgusa unaungua, na akikupitia unanyooka. Alikuwa fundi wa magari ya zamani, yale ya taa za mviringo na bampa za kung'aa ambayo wenyewe huyapenda kuliko wanavyopenda wakwe zao, na alikuwa na ulimi ambao mafundi wenzake waliuogopa kuliko nyundo. Mteja akileta gari akasema lina kasauti kadogo tu, Pasi atamtazama toka unyayo mpaka utosi, kisha atamuuliza hako kasauti kameanza lini, na siku kalipoanza masikio yake alikuwa ameyaazima nani. Watu walicheka, walinuna, lakini walirudi. Kazi yake aliijua, na hilo hata wasiompenda hawakulibishia.

Hasira hizo hakuziokota barabarani. Alizirithi kwa baba yake, mwenye gereji, ambaye naye jina lake lilishafutika akabaki kuitwa Mzee Ngoja. Ngoja ndilo neno lililomtoka kila gari lilipotaka kunyanyuliwa. Fundi ameshika jeki, Mzee anapaza sauti kutoka upande wa pili: ngoja. Sakafu iko sawa hapo, au umeliweka kwenye mteremko ili likukimbie? Ngoja. Umelegeza nati za tairi likiwa bado chini, au unataka uje uzing'ang'anie likiwa juu linayumba? Ngoja. Hiyo breki ya mkono ina umri mkubwa kuliko mama yako, unaiamini ya nini, weka kabari kwenye matairi yanayobaki chini, mbele na nyuma. Ngoja tena. Hapo ulipoweka kichwa cha jeki ni ubavu wa bodi, na ubavu wa gari la umri huu ni kutu iliyopakwa rangi. Jeki itapanda, gari litabaki palepale, na wewe utabaki umetoa macho. Tafuta ekseli, tafuta chuma kinene, weka kipande cha ubao katikati, kisha pampu taratibu ukiwa unatazama gari, si unatazama wanaopita njiani.

Na gari likishapanda ndipo ilikuja ngoja kubwa kuliko zote. Hakuna mtu kuingia chini mpaka mashahidi wafike. Mashahidi walikuwa ni vile vyuma vya miguu mitatu vinavyosimamishwa chini ya ekseli, kulia na kushoto, ili uzito wa gari utue juu yao na jeki ibaki bila kazi. Mzee aliwatengeneza mwenyewe enzi za ujana, kwa mabomba mazito na vipande vya ekseli ya lori lililokufa, akawaita mashahidi, kwa kuwa, alisema, hata ndoa haifungwi bila mashahidi wawili, sembuse mtu kulala chini ya mzigo wa chuma. Walikuwa wazito ajabu. Fundi aliyewabeba wawili kwa mpigo alikuwa anatafuta sifa. Ukishawasimamisha unalishusha gari likae juu yao, unalisukuma kwa bega kwa nguvu zako zote, na likitulia ndipo unaingia. Jeki ni ya kupandishia, alisema Mzee, haikuajiriwa kushikilia.

Aliyeingia bila mashahidi alifukuzwa mpaka mwezi mwingine uandame. Hapakuwa na samahani, hapakuwa na sijui nilipitiwa. Fundi mmoja wa injini, mtu hodari na mwenye wateja wake, aliondoshwa hivyo na hakurudi tena, akafungua banda lake mtaa wa pili. Pasi mwenyewe, binti wa kumzaa, alipokuwa ndio kwanza anaanza kazi, aliingiza kichwa na mkono chini ya gari kuokota spana iliyoteleza. Kufumba na kufumbua baba yake alikuwa amemshika mguu, akamvuta kama anavuta mkeka, akamwonyesha mlango. Mwezi mzima alikaa nyumbani anapepeta mchele na kununa. Mama yake alipojaribu kumwombea, Mzee alisema nyumba na gereji ni milango miwili, asiichanganye. Kwa nini alikuwa mkali hivyo hakueleza. Akibanwa sana alisema, "Niliona," na hakuna aliyewahi kumtoa neno la pili.

Pasi alichelewa sana kumsamehe, nisikufiche. Lakini gerejini pale hapajawahi kuumizwa mtu na gari, hata kidole, na kadiri alivyokua alianza kujivunia ukali ule, mpaka naye akawa anabweka ngoja kabla baba yake hajafungua mdomo.

Sasa kaka yake naye, anayeuza vipuri mji wa mbali, hakuona la kufanya ila kutuma jeki. Jeki nyekundu, ina magurudumu, ina mkono mrefu kama fimbo ya bwana harusi, na maneno mengi ya sifa ubavuni. Akapiga simu kusema kwamba hii hata tembo anakaa juu yake akanywa chai. Pasi alisubiri Mzee aicheke. Mzee hakuicheka. Aliipokea kama mtoto aliyepewa pipi, akawa anaipangusa kila jioni, na siku hizi hizi za karibuni akaanza kusema kwamba jeki za sasa si kama zile za zamani, dunia imeendelea, huenda mtu anajichosha bure. Damu ilimchemka Pasi. Alimwambia jeki ni jeki hata ikipakwa rangi ya mdomo, na kwamba kama maneno hayo angeyasema fundi mwingine, sasa hivi angekuwa njiani na mfuko wake. Mzee akajitia hamnazo, akaendelea kupangusa.

Halafu kulikuwa na gari la bluu. Hilo lilikaa nyuma ya gereji chini ya turubai, gari la Mzee mwenyewe, la umri mkubwa kuliko Pasi, boneti ndefu na usukani mwembamba. Marehemu mama yao alikuwa akiliita mke mwenzangu. Alikuwa akimuuliza Mzee mbele ya wageni, leo unalala kwa nani, kwangu au kwa yule wa bluu? Lakini siku za mapumziko ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kiti cha mbele, ameshusha kioo, anapungia majirani ambao alikuwa ameagana nao dakika ile ile. Alipofariki gari likafunikwa, na hakuna aliyeligusa. Mwaka huu Mzee akaanza kulifunua, siku za mapumziko tu, wakati gereji imefungwa na mafundi wamekwenda makwao. Pasi alijitolea kumsaidia. Mzee akasema hayo ni mambo yake na mama yao, amwachie. Neno hilo lilimchoma Pasi, lakini aliondoka, akajisemea basi, kama sitakiwi sitakiwi.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka mchana ule aliporudi gerejini kufuata funguo za nyumbani alizosahau mfukoni mwa koti la kazi. Alikuta kimlango cha pembeni kimerudishwa tu, hakijafungwa, akakisukuma akiwa na maneno yake tayari, maana kuacha mlango wazi siku ya mapumziko ni kuwakaribisha wezi na kuwawekea kiti. Maneno yakamfia mdomoni. Gari la bluu lilikuwa ndani, limenyanyuliwa nyuma, matairi yake mawili ya nyuma yameegemezwa ukutani. Ubavuni, usawa wa milango, miguu ya baba yake ilikuwa imetokeza. Alivijua vile viatu, kimoja kina kamba nyeusi, kimoja ya kahawia. Akawatafuta mashahidi kwa macho. Walikuwa kwenye kona yao wote, wamepanga mstari.

Gari zima lilikuwa juu ya jeki nyekundu peke yake, na Mzee Ngoja alikuwa chini yake anakaza nati.

Sikiliza kilichomuuma zaidi. Kabari zilikuwepo kwenye matairi ya mbele, mbele na nyuma. Ubao ulikuwepo. Kichwa cha jeki kilikaa katikati ya chuma kinene cha ekseli, sawasawa na alivyofundisha miaka yote. Hakusahau, huyu mzee. Mtu anayesahau husahau ovyo ovyo, hiki anakiweka na kile anakiacha. Huyu alifanya yote kwa mpangilio, akafika kwa mashahidi akawaruka makusudi. Pasi alisikia masikio yakivuma kwa hasira. Alitaka kumvuta ule mguu kama yeye alivyovutwa, amtoe nje, amuulize yeye ni nani na yule mzee mwingine wamemzika wapi.

Kisha akaona mafuta. Michirizi myembamba ilikuwa inateremka kwenye chuma laini cha jeki, na chini yake sakafu imeanza kuloa. Ile jeki ya tembo ilikuwa inavuja. Jeki inayovuja haianguki kwa kishindo. Inashuka pole pole, kama mtu anayesinzia kwenye kiti, hujui imefika wapi mpaka imefika.

Na hapa ndipo utamjua mwanamke huyu. Mtu akiwa chini ya gari hapigiwi kelele. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Mzee: ukimshtua ataruka, atapiga kichwa, atalisukuma gari kwa goti, na kama limesimama kwa kubahatisha basi umemuua kwa mdomo wako. Pasi, ambaye hajapata kumeza neno tangu aote meno, akameza yote kwa mkupuo mmoja.

"Baba," aliita, kwa sauti laini ambayo hakujua imetoka wapi. "Njoo mara moja."

"Ngoja," akajibu baba yake kutoka chini. "Namalizia nati."

Ngoja! Siku ya leo, mahali hapa, neno lile lile. Akamwita tena, akamwambia tafadhali Baba, na neno tafadhali halikuwa la kawaida kinywani mwake, lakini Mzee alikuwa ameshaanza kuimba chini kwa chini, ule wimbo wake usio na maneno, akasema nati ya mwisho, mwanangu, ya mwisho kabisa. Kuipampu ile jeki Pasi hakuthubutu. Jeki mbovu ukiichokoza huwezi kujua itakujibu nini.

Akaenda konani. Hakuwaburuta, maana chuma kingelia kwenye saruji. Alimkumbatia shahidi wa kwanza kifuani, akatembea naye kwa ncha za vidole, mgongo unamuuma, anamlaani kaka yake kimoyomoyo kwa kila hatua. Akapiga magoti upande wa kushoto, akamsogeza chini ya ekseli. Hakuingia. Gari lilishateremka kiasi cha kwamba shahidi amekuwa mrefu. Akachomoa pini inayoshikilia urefu wake, akamshusha tundu moja, akairudisha pini, na safari hii akaingia, ikabaki nafasi ya unene wa kidole. Akarudi konani. Wa pili alimwona mzito maradufu, na alipozunguka nyuma ya gari alipita karibu na ile jeki, akaona mafuta yamekuwa kidimbwi. Alimweka kulia, akamshusha tundu kabla hata ya kumjaribu. Akainuka. Hakuwa na pumzi.

Gari likamaliza safari yake. Lilishuka upana ule wa kidole, likatua juu ya mashahidi, tok, kwa sauti ya chuma juu ya chuma. Wimbo ukakatika.

"Nini hicho?" akauliza Mzee.

"Mashahidi," akasema Pasi. "Wamefika."

Alitoka pole pole, kiwiko kwa kiwiko, akakaa sakafuni na vumbi kichwani. Akatazama jeki. Sasa kati ya ule ubao na ekseli palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono, na uwazi ulikuwa unaongezeka huku wanautazama.

Basi, pasi ikashika moto. Alimtolea uvivu baba yake kama hajawahi kumtolea mtu. Alimwambia mambo ya spana, na mwezi wa kupepeta mchele, na yule fundi wa injini aliyekwenda kufungua banda mtaa wa pili kwa sababu ya dakika moja ya uzembe. Alimuuliza kama zile ngoja zote zilikuwa mchezo wa kuigiza. Alimuuliza angemwambia nini kaka yake, na shangazi, na mama yao kaburini, kwamba mke mwenza amemmaliza? Sauti ilimpanda, ikakwaruza, ikamkatika, akaokota nyingine akaendelea nayo. Alikuwa analia na hakuwa na habari kwamba analia.

"Walikuwa pale," akasema Pasi, akinyoosha kidole konani. "Hatua chache tu. Nieleze, kwa nini hukuwachukua?"

Mzee aliinuka akishikilia mlango wa gari. Akaenda konani, walipokuwa mashahidi wawili waliobaki, akainama, akamshika mmoja kwa mikono miwili, akamnyanyua. Shahidi akapanda kiganja kimoja juu ya sakafu, labda pungufu. Kisha vidole vikafunguka. Hakuvifungua yeye, vilifunguka vyenyewe, kimoja baada ya kingine, na chuma kikaanguka kwa mshindo karibu na kile kiatu cha kamba ya kahawia.

"Umeona," akasema. "Spana nashika. Nati nakaza. Uzito hapana, tangu mwaka jana."

"Si ungeniita!"

"Nikuite uje unibebee? Mbele ya watu niliowafukuza kwa sababu ya mashahidi hao hao?" Akajipangusa viganja kwenye suruali, kana kwamba tatizo ni mafuta. "Mimi Mzee Ngoja?"

Kumbe ndiyo maana. Ndiyo maana siku za mapumziko, mlango umerudishwa, peke yake, na mambo yangu na mama yenu. Ndiyo maana jeki nyekundu ilipanguswa na kusifiwa kila jioni kama mchumba. Mzee hakuiamini zaidi ya Pasi alivyoiamini. Ilikuwa ndicho kitu pekee gerejini ambacho bado kilimtii, kwa sababu kina magurudumu. Hasira ya Pasi ikakosa pa kukaa. Ilitaka kurudi kwa baba yake, ikakuta pamejaa huruma, ikamkasirisha ile huruma pia. Alikasirikia uzee ulioingia gerejini bila kupiga hodi, akawakasirikia mashahidi kwa uzito wao, akamkasirikia hata huyo Mzee wa ujanani aliyechukua chuma cha lori wakati bomba la kawaida lingetosha.

Mzee akavua shingoni uzi wenye ufunguo wa gereji, akamnyooshea.

"Nimeingia bila mashahidi," akasema. "Sheria unaijua."

Nadhani alitegemea binti yake aukatae. Mtu yeyote angeukataa, akamkumbatia mzazi wake, wakalia, yakaisha. Pasi aliutazama ule ufunguo, akaona kwamba akiukataa atakuwa amemwambia baba yake kuwa sheria zile ni za watu wazima wenye mikono, na yeye hayumo tena. Akaupokea.

"Mpaka mwezi uandame," akasema, kwa sauti kavu. "Na ufunge mlango unapotoka."

Kwenye kimlango Mzee alisita, bila kugeuka. "Habari ya mikono, usimwambie mtu."

"Nina muda gani wa kutangaza mikono yako," akasema Pasi.

Ungesikia yaliyofuata! Mafundi waliambiwa asubuhi iliyofuata kwamba Mzee ameingia chini ya gari bila mashahidi na amefukuzwa. Hawakuambiwa zaidi. Walitazamana, mmoja akataka kucheka, akamwona Pasi usoni, akaenda kutafuta kazi ya kufanya. Yule fundi mnene waliyemwita Bonge, aliyekuwa na mikono minene kama mapaja ya watu wengine, alisema kwa chini kwamba huyu sasa amepita kiasi, mtu hawezi kumfukuza mwenye mali kwenye mali yake. Kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba Pasi amempindua baba yake.

Shangazi, dada wa Mzee, hakungoja kukaribishwa. Alisimama mlangoni pa gereji, wateja wanasikia, akamvua nguo mpwa wake kwa maneno. Mtoto asiye na haya, aliyelelewa akalewa. Ameshindwa kungoja mzee wa watu afe ndipo arithi. Mzee anashinda kibarazani anatazama njia, kama mtu aliyeachishwa kunyonya! Pasi aliuma meno. Neno moja tu lingemsafisha, nalo lilikuwa hapo hapo kwenye ncha ya ulimi: mikono yake haishiki. Angelisema, na shangazi angelibeba mpaka nyumba ya mwisho ya mtaa. Akalimeza. Akamwambia shangazi kwamba hapo ni kazini na amesimama kwenye mafuta, atateleza.

Kaka naye akapiga simu kwa ukali kutoka huko aliko, mimi ni mkubwa wako, sijui heshima, sijui familia. Huyo Pasi hakummezea. Alimwambia jeki yake ya tembo iko kwenye pipa la vyuma chakavu, na akija kuifuata aje na kamba ya kumtolea yeye mwenyewe humo. Akakata simu, akarudi kazini, akamkemea Bonge kwa kosa ambalo Bonge hakulifanya.

Lakini kila mafundi walipoondoka kula mchana alikuwa akiwasha mashine ya kuchomelea. Alimlaza shahidi mmoja mmoja, akawaunga vishikio viwili, kimoja kitakoni penye ile miguu mitatu, kimoja juu kabisa kichwani. Alipomaliza wote akawaita mafundi akawatangazia sheria mpya. Kuanzia leo shahidi anabebwa na watu wawili, huyu huku na huyu kule. Akionekana mtu anambeba peke yake, ajue njia ya kwao.

Bonge alichukia mno. Alisema chuma hicho yeye anakibeba kwa mkono mmoja huku anakunywa soda kwa mwingine, na hajapata kudhalilishwa hivi tangu azaliwe. Pasi akamuuliza uti wa mgongo anao mmoja au ana wa akiba. Akasema hataki kusikia habari za nguvu, nguvu zina mwisho, na kama anaona sheria inambana, banda la mtaa wa pili linaajiri. Walinung'unika wiki nzima. Kisha wakazoea, kama watu wanavyozoea kila kitu, na ikawa unawaona wanapita wawili wawili na chuma katikati yao, wanapiga soga, utafikiri wanahamisha kabati.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake Mzee Ngoja alikuwa nje ya gereji kabla mlango haujafunguliwa, amevaa koti lake la kazi lililofuliwa, amesimama pembeni na mafundi wengine kama mtu aliyekuja kuomba kibarua. Hakuna aliyejua amtazame vipi. Pasi akafika, akamwamkia shikamoo kama kawaida, akaitikiwa, akafungua mlango, akamwambia kwamba gari la bluu bado linaziba njia, kila siku watu wanalizunguka, kwa hiyo leo liishe. Matairi ya nyuma yalikuwa yamerudishwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mbele.

Mzee akaingia. Bonge na mwenzake walikuwa wanapita na shahidi, kila mmoja na kishikio chake, wanabishana habari za mpira. Mzee akasimama. Akawafuata kwa macho mpaka walipomweka chini, kisha akamwendea mwingine aliyekuwa konani, akainama kwake, akapitisha kidole kwenye mchomeleo wa kishikio.

"Sheria hii ya lini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ya gereji," akasema Pasi. "Shika upande wako, watu wana kazi."

"Mchomeleo wako umevimba."

"Shika, Baba."

Mzee akashika. "Ngoja," akasema, akapanga vidole vyake kimoja kimoja kwenye kishikio, akavijaribu, akavipanga tena, na Pasi akangoja, yeye asiyejua kungoja. "Haya," akasema Mzee. Wakanyanyua. Chuma kikapanda, kikakaa juu, na wakatembea nacho mpaka kwenye gari la bluu, baba mbele na binti nyuma, hakuna fundi hata mmoja aliyegeuza shingo.

Kile kishikio cha kitakoni ndicho chenye uzito wote, maana miguu na chuma cha lori viko huko. Cha kichwani hata mtoto anakiweza. Hilo mafundi hawajaligundua mpaka leo. Mzee akitaka kumbeba shahidi, upande wa kitako Pasi ameshaudaka kabla hajainama, na siku Bonge alipojaribu kumtangulia ili amsaidie, aliambiwa maneno ambayo mpaka kesho hawezi kuyarudia mbele ya mke wake.